Umeme Mdogo Katika Vyombo Vyetu vya Bahari na Khatari Zake

Zamani mtu akitaja umeme hapa Tanga, sisi watu wa Ngamiani tulikuwa tukifahamu ule unaotujia kwa nguzo kutoka maporomoko ya mto Pangani, ambako kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 na kituo kipya cha Pangani Falls mwaka 1995. Umeme huo ulikuwa ni wa nchi kavu. Baharini mvuvi alikuwa na karabai yake, na kabla ya karabai alikuwa na kimuli cha makuti. Leo mambo yamegeuka. Ukishuka Deep Sea au Sahare jioni, katika siku za giza la mwezi, utaziona mashua na boti zikijitayarisha kwenda kuvua dagaa, na katika vyombo vingi utaona betri, kifungu cha waya, na taa nyeupe zisizotaka mafuta wala utambi.

Hatusemi kuwa jambo hili ni baya. Karabai ina taabu zake: kioo chake hupasuka kwa tone la maji, upepo huisumbua, na mafuta yake hula faida ya mvuvi usiku kucha. Taa ya betri haina hayo, nayo hujazwa kwa jua tulilopewa bure. Wavuvi wenzetu wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika nao wamezijaribu taa hizi. Lakini kila chombo kipya huja na elimu yake, na mwenye kukichukua chombo akaiacha elimu yake, huyo amechukua nusu ya neema na khatari yote. Khabari ya makala hii ni elimu hiyo: namna ya kuzipitisha waya katika chombo, na namna ya kuziwekea fyuzi, ili nuru tuliyoitia chomboni isigeuke kuwa moto.

MDHARAU MWIBA

Wengi husema: "Umeme wa betri ni volti 12 tu, wala haumtetemeshi mtu. Ushike kwa mikono miwili, hutasikia kitu. Basi khatari yake iko wapi?"

Neno hili nusu yake ni kweli, na nusu yake ndiyo inayounguza vyombo. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida hazina nguvu ya kupenya ngozi ya mwanadamu iliyo kavu zikamdhuru, kama zifanyavyo zile volti 230 za nyumbani. Lakini moto hauhitaji kupita mwilini mwako. Moto hutokana na wingi wa mkondo unaopita katika waya, nao hupimwa kwa ampea. Na betri moja ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja pindi waya wake wa chanya ukigusana na wa hasi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tuyafahamu maneno haya kwa mfano wa maji. Tangi likiwekwa juu ya paa, ule urefu wa kutoka paani hadi chini ndio volti, yaani msukumo. Wingi wa maji yapitayo katika bomba kwa kila nukta ndio ampea. Na unene wa bomba ndio unene wa waya. Tangi likiwa chini, msukumo wake ni mdogo. Lakini likiwa kubwa na mdomo wake ukiwa mpana, maji yake yatafurika na kuchukua kila kitu. Hivyo ndivyo ilivyo betri: msukumo ni mdogo, na wingi ni mkubwa. Jina la volti limetokana na Alessandro Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800; na jina la ampea limetokana na André-Marie Ampère wa Ufaransa. Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo tunayoibeba chomboni hadi leo, ilivumbuliwa na Mfaransa mwingine, Gaston Planté, mwaka 1859. Basi si kitu cha jana, na khatari zake zimejulikana muda mrefu.

HESABU YA TAA MOJA

Na tuchukue mfano mmoja, kila mtu aweze kuufuata kwa kidole. Nahodha ana taa ya kuvulia ya wati 60. Ukizigawa wati 60 kwa volti 12 utapata ampea 5. Huo ndio mkondo wa taa hiyo. Betri iko tezi, na taa iko omo, mwendo wa mita 8. Lakini umeme huenda na kurudi; kwa hiyo urefu wa waya si mita 8, bali ni 16. Jambo hili la kurudi husahauliwa na wengi.

Akitumia waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, waya wenyewe utakula karibu volti 0.9 njiani. Taa iliyotaka volti 12 itapata 11 na kidogo, nayo itafifia. Nahodha atasema betri ni mbovu, atanunua nyingine, na taa itabaki ilivyo. Lau angalitumia waya wa milimita 4 za mraba, kinachopotea njiani kingalikuwa volti 0.35 tu, yaani chini ya sehemu 3 katika mia. Na hicho ndicho kipimo wakipendacho mafundi wa vyombo kwa taa zilizo muhimu.

Ama kinachopotea hakipotei bure. Hugeuka joto ndani ya waya. Kwa ampea 5 joto hilo ni dogo. Lakini fikiri waya ule mwembamba ukikwaruzwa na taruma kwa mtikisiko wa mawimbi, ngozi yake ikatoka, chanya ikaigusa hasi huko omo. Sasa hakuna taa ya kuuzuia mkondo. Utapita mkondo wa zaidi ya ampea 60, na waya utatoa joto la karibu wati 770, joto lisilo mbali na la pasi ya umeme, ila pasi hiyo sasa imelazwa juu ya mbao. Na mguso huo ukitokea karibu na betri, mkondo ni mara nyingi zaidi ya hapo. Mbao zenyewe ni zipi? Ni mbao zilizozibwa kwa pamba, zikapakwa sifa ya papa miaka na miaka, na kando yake limekaa dumu la petroli ya mashine. Nchi kavu nyumba ikishika moto watu hutoka nje. Baharini nje ni wapi?

FYUZI NI MLINZI WA NANI?

Hapa ndipo tunapofika katika shina la maneno yetu. Watu wengi hudhani kuwa fyuzi huilinda taa. Sivyo. Fyuzi huulinda waya. Ni kijiwaya chembamba kilichotengenezwa kwa makusudi kiyeyuke kabla waya mkubwa haujapata moto. Kinakufa yeye ili chombo kipone.

Kwa hiyo, fyuzi hupimwa kwa waya wala si kwa tamaa ya mtu. Kanuni yake ni hii: fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko mkondo wa kitu kinachotumiwa, na iwe ndogo kuliko mkondo ambao waya waweza kuustahimili. Taa yetu yataka ampea 5. Fyuzi ya ampea 7.5 au 10 yatosha, nao waya wa milimita 4 haupati taabu yoyote kwa mkondo huo. Fyuzi za bapa zitumiwazo katika magari, ambazo hupatikana katika maduka ya vipuri, zina rangi zake: ya ampea 10 ni nyekundu, ya 15 ni ya buluu, ya 20 ni ya manjano, na ya 30 ni ya kijani. Mwenye kuzijua rangi hizi hakosei hata gizani akiwa na kurunzi ndogo.

Je, fyuzi huwekwa wapi? Huwekwa katika waya wa chanya, karibu sana na betri, umbali wa shubiri moja au pungufu. Wengine huiweka karibu na taa kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Hilo ni kosa, kwani waya wote ulio baina ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Mlinzi wa nyumba hulala mlangoni, halali uani.

Ama yule ambaye fyuzi yake ikikatika huweka msumari, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, huyo amemfukuza mlinzi akamwacha mwizi. Msumari haukatiki. Kitakachokatika sasa ni waya wenyewe, nao hukatika kwa kuwaka.

Huenda mtu akatujibu: "Fyuzi ikikatika katikati ya bahari usiku, tutabaki gizani, na giza nalo lina khatari yake." Neno hili ni la haki, na jawabu lake ni njia nyingi badala ya njia moja. Kutoka kwa betri upite waya mmoja mnene wenye fyuzi yake kubwa hadi katika kijisanduku. Na kutoka hapo kila kazi iwe na njia yake na fyuzi yake ndogo: taa za kuvulia mbali, taa za safari mbali, pampu ya maji mbali, chaji ya simu mbali. Ikikatika ya chaji ya simu, taa zinaendelea kuwaka. Na kila nahodha awe na fyuzi za akiba katika chupa kavu. Fyuzi ikikatika mara moja, weka nyingine ya kipimo kile kile. Ikikatika tena, usiirudie. Iache njia hiyo imekufa mpaka asubuhi, kwani imekwisha kukwambia kuwa pana ubovu.

CHOMBO SI GARI WALA SI NYUMBA

Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi katika magari au katika nyumba, nao ni watu hodari. Lakini desturi ya gari na desturi ya nyumba hazifai baharini mpaka zirekebishwe.

Katika gari, waya wa hasi hufungwa katika bodi, na chuma chote cha gari kikawa ndiyo njia ya kurudia umeme. Mashua ya mbao haina bodi ya chuma, na mwenye kuupitisha umeme katika vyuma vilivyogusa maji ya chumvi, maji hayo yatavila vyuma vyake kwa siku chache: misumari, shafti na panga la mashine. Chomboni kila kitu kiwe na waya wake wa kwenda na waya wake wa kurudi.

Katika nyumba, waya mara nyingi huwa na uzi mmoja mgumu wa shaba, kwa kuwa ukuta hautikisiki. Chombo hutikisika saa zote, na uzi mmoja mgumu huchoka ukakatikia ndani ya ngozi yake, usionekane. Chomboni hutakiwa waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na ulio bora ni ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati, kwa sababu shaba tupu ikipata maji ya chumvi hushika kutu ya kijani, na kutu hupanda ndani ya waya kama maji yapandavyo katika utambi.

Jihadharini pia na waya wa hadaa. Ziko waya madukani ambazo zimepakwa shaba kwa nje, na ndani yake ni aluminiamu. Bei yake ni rahisi, na uzito wake ni mdogo. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona wekundu wa shaba hadi ndani, ni wa kweli, ukiona weupe ndani, urudishe.

Viungo navyo visiwe vya kusokota kwa mkono na kuzungushia utepe wa plastiki. Utepe huo hubanduka kwa joto na unyevu, na chumvi ikaingia. Tumieni vichwa vya shaba vinavyobanwa kwa koleo lake, kisha vivalishwe mpira unaonywea kwa moto. Waya upite juu, mbali na ngama yanakokusanyika maji, na ufungwe kila baada ya shubiri mbili usicheze. Unapoingia katika kijisanduku, uache ushuke kidogo chini yake kisha upande, ili tone la maji lidondoke pale bondeni, lisifuate waya hadi ndani.

BETRI NA PUMZI ZAKE

Betri ya asidi inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi, hupanda juu, na yaweza kulipuka ikifika sehemu 4 katika mia ya hewa. Mvuke wa petroli, kinyume chake, ni mzito, huteremka na kulala katika ngama. Basi chombo chenye betri na petroli kina khatari mbili, moja ya juu na moja ya chini. Na cheche moja ya waya uliolegea yaweza kuzikuta zote. Kwa sababu hiyo betri iwekwe katika sanduku lenye matundu ya kupitisha hewa juu, ifungwe kwa kamba isiweze kupinduka, iwe mbali na dumu la petroli, na iwe juu ya maji ya ngama. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya asidi huweza kutoa hewa ya klorini, nayo ni sumu kwa kifua.

Betri isinyonywe hadi mwisho. Taa yetu ya ampea 5 ikiwaka saa 8 hula ampea-saa 40. Betri ya sola ya ampea-saa 100 yaweza kuzitoa hizo na kubaki na zaidi ya nusu, nayo itadumu. Ukiweka taa mbili kama hiyo utaila mpaka 80, na betri itakufa mapema. Betri iliyotulia ikisoma volti 12.7 imejaa, ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha. Wenye betri mpya za lithiamu wajue kuwa hizo hutoa mkondo wa nguvu zaidi pindi waya zikigusana, kwa hiyo fyuzi yake kuu iwe ya aina inayostahimili kuukata mkondo mkubwa.

Mwezi Septemba mwaka 2019, huko California Marekani, meli ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku ikiwa imetia nanga, na watu 34 waliokuwa wamelala chini wakafa. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo hasa cha moto, kwa kuwa chombo kiliungua na kuzama. Lakini ilijulikana kuwa usiku ule vitu vya betri vilikuwa vikichajiwa ndani. Kila mwenye kuchaji simu chomboni huku watu wamelala na azingatie.

TAA ZA SAFARI

Sheria za dunia za kuzuia kugongana baharini, zilizoandikwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zimeweka taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe nyuma. Bandari yetu ya Tanga si ile ya zamani ambapo meli zilitia nanga mbali na mizigo kuletwa kwa matishali. Baada ya mlango wake kuchimbwa, meli kubwa sasa huja hadi gatini. Nahodha wa meli hiyo haioni mashua, anaiona taa. Taa iliyofifia kwa wembamba wa waya ni sawa na taa isiyokuwepo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Watoto wengi tunaowasomesha hapa Ngamiani baba zao ni watu wa bahari. Mtoto huyo hajui ampea wala volti. Ajualo ni kuwa baba alitoka magharibi na anatarajiwa asubuhi. Mwenye chombo amewachukua watu hao kama amana, na bei ya fyuzi na kijisanduku chake ni ndogo mno kwa bei ya betri aliyokwisha kuinunua, sembuse kwa bei ya mashua, sembuse kwa roho za watu.

Nawe mama wa nyumba, neno hili lakuhusu. Betri ile ile huletwa nyumbani kuchajiwa, na nyumba nyingi za vijijini zina sola ya volti 12 kama ya chomboni. Isichajiwe katika chumba wanamolala watoto, wala karibu na jiko. Na waya wake uwe na fyuzi kama wa chomboni.

Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa dagaa hawaji katika taa anga ikiwa nyeupe. Siku hizo chache za katikati ya mwezi ndizo siku za kazi hii. Chombo kikiwa mchangani, fungua waya wa hasi kwanza, uufuate kila waya kwa mkono kutoka tezi hadi omo, palipokwaruzwa pabadilishwe, palipo na kutu ya kijani pakatwe. Kisha rudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho, uwashe taa zote kwa nusu saa, na upime volti penye betri na penye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, pana ubovu njiani. Pitisha mkono juu ya viungo: kilicho na joto ndicho kibovu. Na mwisho, fungua kijisanduku utazame kama kila fyuzi ni fyuzi, wala si msumari.